Njia ya misafara Tabora hadi Ujiji: alama zake ardhini na simulizi zake

Mwalimu_Uyui:

Wangaluka wanajukwaa.

Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaandaa ramani ya njia ya kale ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwenda magharibi hadi Ujiji. Muda uliopo ni miezi minne. Vifaa ni simu tatu zenye GPS, pikipiki mbili na madaftari.

Tangu 2006 njia hii imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na vituo vyake sita vimetajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tazameni hapo mwishoni. Kati ya Kwihara na Ujiji kuna karibu kilomita 400, na hakuna kituo hata kimoja. Ukiuliza vijijini njia ilipita wapi unaonyeshwa miembe, na kijiji gani hakina miembe?

Naomba wajuzi watusaidie. Miembe ni ushahidi au si ushahidi? Njia yenyewe huonekanaje ardhini leo? Na simulizi za wazee ziandikweje ili zisichanganyike na yaliyomo vitabuni?

---

Bikari_na_Ramani:

Mwalimu, hongera kwa kazi hiyo. Kwanza waambie wanafunzi waache kuwaza barabara. Msafara ulikwenda mtu nyuma ya mtu, kwa hiyo njia ilikuwa na upana wa nyayo tu, sentimita 30 mpaka 45 hivi. Mti ukianguka wapagazi waliuzunguka, na ule mzunguko ukabaki kuwa njia hata mti ulipokwisha kuoza. Njia ya mguu ya zamani hupinda mahali ambapo leo huoni sababu yoyote. Mkiona mstari mpana ulionyooka, hiyo ni barabara ya wakoloni au njia ya magari ya magogo.

Halafu njia haikuwa moja. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walitoka Kazeh, yaani Tabora ya wakati ule, Desemba 1857, wakapita Msene, makazi ya wafanyabiashara Waswahili upande wa magharibi wa Unyamwezi, wakavuka Malagarasi na kufika Ujiji Februari 1858. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley alishindwa kupita huko kwa sababu mtemi Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, na njia ilikuwa imefungwa. Aliondoka Kwihara tarehe 20 Septemba akashuka kusini, akazunguka mbali, ndipo akapanda tena kuingia Uvinza. Kwa hiyo mzee wa Urambo akisema njia ilipita kwao, na mzee wa Sikonge akasema ilipita kwao, msimwandike mmoja wao kuwa amekosea. Mwandikeni kila mmoja na wakati anaouzungumzia.

Kilichokuwa hakihami ni maji, na hapo ndipo pa kuanzia. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, karibu kilo 32, akaanza mwendo alfajiri na kutua jua linapokuwa kali. Hizo ni saa nne au tano za mwendo, kilomita 12 hadi 16. Chukueni bikari. Kwenye ramani ya Kijerumani ya skeli 1:300,000, kilomita 12 ni sentimita 4. Kwenye ramani za serikali za 1:50,000 ni sentimita 24, kwa hiyo tumieni kamba na pini badala ya bikari. Anzieni Kwihara, chora duara, tia alama kila kisima, chemchemi na mto usiokauka uliomo karibu na ukingo wa duara upande wa magharibi. Kisha hamieni kwenye alama hizo na mchore tena. Baada ya maduara matatu mtaona mkanda wa vituo ukijitokeza. Huo mkanda ndio mnaokwenda kuutembelea, upana wake unaweza kufika kilomita 10.

Mkikuta pengo lisilo na maji kwa kilomita 25 au 30, msilipuuze. Hapo misafara ilifanya tirikeza: waliondoka mchana wakiwa wameshakunywa na kubeba maji, wakalala porini pakavu, wakafika maji asubuhi ya pili. Vituo vya kila mwisho wa pengo kama hilo vilikuwa vikubwa, kwa kuwa kila msafara ulilazimika kutua hapo. Alama zitakuwa nyingi zaidi.

Sasa makosa mawili ya ramani yanayoharibu kazi za watu wengi. La kwanza ni mfumo wa namba za mahali (datum). Ramani zetu za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, simu zenu zinatumia WGS84. Mkihamisha namba bila kubadilisha mfumo, pointi zote zitahama takriban mita 300 kaskazini au kusini, na mtaanza kutafuta kisima katikati ya shamba la tumbaku la mtu. Badilisheni mpangilio kwenye programu kabla ya kutoka shuleni. La pili: kwenye gridi ya UTM, yaani mistari ya namba ya ramani, Tabora mpaka Uvinza ziko kanda ya 36 Kusini, lakini Ujiji iko kanda ya 35, mpaka ukiwa nyuzi 30 mashariki. Mkivuka hapo bila kubadilisha kanda, namba za mashariki zitawachanganya kabisa.

Kila karatasi ya 1:50,000 inafunika kilomita 27 hivi kwa 27, na kutoka Kwihara hadi Ujiji ni karatasi 13 kwa mstari mmoja tu. Kwa miezi minne chukueni mbili, Kwihara mpaka karibu na Usoke, mzimalize vizuri. Ramani ya kilomita 50 iliyokaguliwa ina thamani kuliko ya kilomita 400 ya kukisia.

Na majina: waandishi wa kale walichanganya l na r, na Wajerumani waliandika Udjidji. Wilyankuru ya Stanley ni Ulyankulu, Ruche ya Burton ni mto Luiche. Kila jina lisilopatikana libadilisheni l kwa r kabla ya kulitupa.

---

Bibi_Shamba_Kigoma:

Nizungumzie miembe, maana hapo ndipo penye simulizi kubwa kuliko zote. Inasemwa kote, Tabora mpaka Ujiji, kwamba miembe iliota kutokana na kokwa walizotupa watumwa njiani. Simulizi hiyo iandikwe kama ilivyo. Watu wameitunza kwa sababu inabeba kumbukumbu ya mateso ya kweli, na mtoto akiambiwa chini ya mti ule hasahau. Ila kama ushahidi wa mahali njia ilipopita haitoshi, na sababu ni za kilimo.

Kokwa la embe halivumilii kukauka. Likishatolewa kwenye nyama yake, wiki chache tu linakufa. Lililobaki hai na kuota linapaswa kunusurika mbuzi na moto wa kiangazi kwa miaka kadhaa ya mwanzo. Mmoja mmoja huweza kunusurika, hasa kwenye matongo, yaani mahame, na kando ya maji. Lakini mkikuta miembe imepangwa sawasawa, mita 10 au 12 kati ya mti na mti, pande zote mbili za njia, hiyo ilipandwa na mtu na kumwagiliwa. Swali linalobaki ni nani: mfanyabiashara wa pwani, misheni, au serikali ya Wajerumani iliyopenda kupanda miti kando ya barabara zake.

Umri wa mwembe msiukisie kwa unene. Mwembe wetu hauna pete za mwaka za kuaminika kama miti ya nchi za baridi, na uliopo kando ya mto hunenepa haraka kuliko wa kwenye changarawe. Mnachoweza kufanya ni kulinganisha. Pimeni mzingo wa shina kwa utepe kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Kisha pimeni miembe iliyopandwa kwa mistari kwenye viwanja vya stesheni za reli, kwenye udongo unaofanana. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa hiyo miembe ya uwanjani hapo kwa kawaida haizidi umri huo. Wenu ukiwa mnene kuliko hiyo kwa mbali, andikeni "huenda ni wa kabla ya reli". Msiandike mwaka.

Angalieni pia shina chini, kimo cha goti. Penye kovu la kubebesha, yaani la kuunganishiwa kikonyo cha mwembe mwingine, mti huo ni wa kisasa hata kama ni mkubwa. Miti ya kale ni ya kokwa, mirefu, matunda madogo yenye nyuzi nyingi.

Mkifika Ujiji, miembe iliyopo kwenye kumbukumbu ya Livingstone inaelezwa kuwa ni vizazi vya mwembe ule ambapo Stanley alimkuta Livingstone 1871, si wenyewe. Wanafunzi wengi huandika tofauti na hivyo.

Mti unaostahili kutazamwa kuliko mwembe ni mnyaa. Vijiji vya Unyamwezi vilizungushiwa ua wa minyaa, na ua ule hubaki ukiwa mstari wa miti mikubwa hata wenye kijiji walipohama zamani. Mkiona minyaa mizee katikati ya pori, ndani yake kuna matongo.

---

Mrina_Asali:

Ya ardhini. Nendeni Septemba na Oktoba, nyasi zikishaungua na majani ya miombo yamepukutika. Novemba mvua ikianza mmekwisha. Tazameni ardhi kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, jua likiwa chini, kwa sababu mfereji wa kina cha sentimita 20 hauonekani saa sita mchana ila jioni kivuli chake kinajichora.

Kwenye mbuga ya udongo mweusi msipoteze muda. Udongo ule hupasuka kiangazi na kuvimba masika, haushiki alama, na misafara yenyewe iliikwepa kwa kupita kwenye vichwa vya mbuga. Tafuteni kwenye miinuko ya changarawe nyekundu na pale njia inaposhuka kwenda mtoni. Hapo nyayo za miaka mingi zilikwangua, maji ya mvua yakafuata, na mara nyingine njia imegeuka korongo.

Kinachodanganya zaidi ni njia za ng'ombe. Ziko nyingi sambamba, tano au kumi, zinakutana kwenye maji na kutawanyika tena. Njia ya mguu hufika maji kisha inaendelea ng'ambo. Kama haiendelei, iacheni.

Waulizeni warina asali kabla ya watu wengine. Mizinga hutundikwa karibu na maji na njia, na mrina anavijua visima vya porini ambavyo havimo kwenye ramani yoyote. Vaeni nguo za rangi ya udongo. Ndorobo wanafuata bluu na nyeusi. Ndorobo haohao ndio sababu mizigo ilibebwa na watu: ng'ombe na punda walikufa njiani, na wamisionari wa Kiingereza walipojaribu magari ya maksai miaka ya 1870 walishindwa.

---

Mwandishi_wa_Simulizi:

Mwalimu, kwenye simulizi ndiko mtakakofaulu au kuharibu, kwa sababu ardhi itakuwepo mwaka ujao, mzee huenda asiwepo.

Msimwulize mtu "njia ya watumwa ilipita wapi?" Swali hilo limekwisha kujijibu. Mzee atawapa alichokisikia redioni au kwa watalii, kwa heshima tu. Ulizeni mambo madogo: Wageni waliolala kijijini walilala wapi? Akitaja iwanza, ile nyumba ya wanaume karibu na lango, mwombeni aonyeshe ilipokuwa. Chumvi ilitoka wapi kabla ya duka? Kisima hiki nani alikichimba? Matongo yale yanaitwaje, na mwanangwa wake, yaani mkuu wa kijiji, alikuwa nani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayochora njia.

Kila jibu lifuatwe na swali moja: "Ulilisikia kwa nani?" Daftari liwe na safu tatu: aliyoyaona mwenyewe, aliyoambiwa na mtu anayemtaja, na yanayosemwa na watu wote. Safu ya tatu haina ubaya. Humo ndimo hadithi za mizimu ya njia panda na hazina zilizofichwa zinapokaa. Ila zikae humo.

Jihadharini na mtego mmoja. Mzee wa miaka 80 leo amezaliwa miaka ya 1940. Babu yake alizaliwa kati ya 1880 na 1895 hivi. Akisema "babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya Wazungu", mara nyingi ni upagazi wa vita ya 1914 hadi 1918, si wa misafara ya pembe. Viulizeni vitu alivyobeba. Risasi, unga wa askari, mizinga: hiyo ni vita. Pembe, vitambaa vya merikani na kaniki, shanga: hiyo ni ya zamani zaidi na huenda ni ya baba wa babu. Neno pia husaidia. Kigoma mzee akisema "wakati wa Bulamatari", anazungumzia Wabelgiji, waliochukua Kigoma na Tabora 1916 na kubaki Kigoma mpaka 1921.

Rekodini kwa lugha yake kwanza, Kinyamwezi, Kiha au Kivinza, kisha mtafsiri baadaye. Majina ya mahali yaandikwe kama yanavyotamkwa. Zungumzeni na mzee mmoja mmoja, kisha ndipo muwakutanishe, kwa kuwa kwenye kikao anasema mkubwa wao na wengine wanaitikia. Pitieni kwa mwenyekiti wa kitongoji, fikeni asubuhi, na shikamoo itolewe na kila mwanafunzi, si kiongozi peke yake.

Kuna jambo la moyo hapa. Ujiji na Tabora kuna familia ambazo wazee wao waliletwa kwa kamba shingoni. Wapo wanaolisema waziwazi, wapo ambao hawajawaambia hata watoto wao. Mwanafunzi asimwulize mtu asili yake. Akisema mwenyewe, mwulizeni kama anataka jina liandikwe. Na wanafunzi wajue upande wa pili pia: wengi wa waliobeba mizigo kwenye njia hii walikuwa Wanyamwezi huru, waliofanya kazi kwa malipo, wakijivunia kufika pwani. Njia moja ilipitwa na mtu aliyekwenda kwa hiari na mtu aliyefungwa. Andikeni wote wawili, msimfute mmoja kwa sababu ya mwingine.

---

Mwalimu_Uyui:

Nashukuruni sana. Tutaanza na karatasi mbili kama alivyoshauri Bikari, na maswali ya Mwandishi nimeyanakili yalivyo.

Bado mambo mawili. Wanafunzi wameokota shanga nyekundu na vigae kwenye matongo, wanataka kuchimba waone zaidi. Na kuna vijana kijijini wanachimba usiku penye jiwe lililochongwa, wakisema ni alama ya hazina ya Wajerumani. Tufanyeje? Na tukifika sehemu ya Uvinza mwakani, tutazame nini?

---

Mvinza_wa_Rusugi:

Kuchimba hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba bila leseni, na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 vinalindwa nayo. Lakini hata bila sheria: shanga iliyopo juu inakwambia mahali, shanga iliyochimbuliwa na mtoto haikwambii kitu tena, kwa kuwa tabaka lake limevurugwa. Pigeni picha kitu kikiwa palepale kilipo, wekeni rula kando yake, chukueni pointi ya GPS baada ya simu kutulia dakika moja, kiacheni. Zilizokwisha kuokotwa ziwekwe kwenye bahasha moja moja zenye jina la mahali na tarehe, mumtaarifu afisa utamaduni wa wilaya.

Shanga zina lugha yake. Samesame nyekundu zilikubalika sehemu nyingi za njia. Soko la Ujiji lilitumia sofi, ambazo zinafanana na vipande vya mtemba (kiko) uliovunjika, kama fedha ya kununulia samaki na mihogo. Sofi zikionekana kwa wingi mahali, mahali hapo palikuwa na uhusiano na Ujiji. Shanga nyembamba za plastiki zenye tundu lililonyooka kabisa ni za juzi.

Jiwe lililochongwa: litazameni kama lina namba, msalaba au chuma katikati. Mengi ni mawe ya upimaji wa ardhi au ya reli, na kuling'oa ni kosa kisheria. Waelezeni vijana hilo mapema, kwa upole, mkiwa na mwenyekiti. Mashimo ya hazina yameharibu matongo mengi kuliko mvua.

Sasa Uvinza. Mkija, msije mkidhani njia ilianza na Waarabu. Wafanyabiashara wa pwani walifika Ujiji karibu na 1840, na makazi yao ya Tabora yakakua mwanzoni mwa miaka ya 1850. Chumvi ya Uvinza imechemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wanaakiolojia walichimba kwenye chemchemi za maji ya chumvi miaka ya 1960 wakakuta matabaka ya vyungu vya kuchemshia. Watu wa Buha, Unyamwezi na hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walifuata chumvi hapa kwa miguu, na walikwisha kujua kila kisima na kila kivuko kabla pembe ya kwanza haijabebwa kwenda Bagamoyo. Misafara ilizifuata njia za chumvi. Kwa hiyo mkiwa Usoke au Urambo, ile njia mzee anayoiita ya chumvi msiiandike pembeni kama kitu kingine.

Kivuko cha Malagarasi kilikuwa mahali pa kulipa. Hongo haikuwa rushwa kama tunavyolitumia neno leo, ilikuwa ushuru wa mwenye nchi, na mitumbwi haikusogea mpaka ukubaliane naye. Burton alilalamika, Stanley alilalamika. Ndani ya Uvinza simulizi ni tofauti: mwenye kivuko ndiye aliyewajibika kama mgeni akizama. Mkusanye na hilo, maana vitabuni hamtalipata.

Mahali kivuko kilipokuwa patafuteni penye kingo za udongo mgumu pande zote mbili, njia za mguu zikishuka zikitazamana. Mto huhamisha mkondo, na upande wa juu bonde la Malagarasi na Muyovozi lote ni ardhi oevu, kwa hiyo kivuko cha masika na cha kiangazi havikuwa pamoja. Njooni Septemba maji yakiwa chini, na msisogelee ukingo bila mvuvi wa hapahapa kutangulia. Punda wa Stanley alichukuliwa na mamba kwenye kivuko hiki Novemba 1871, na mamba bado wapo.